MALI YA SANAA NI DHAMANA YA UMMA

Imekuwa desturi yetu katika ukurasa huu kumkanya mfanyabiashara ajitajirishaye kwa jasho la wengine. Leo twapenda kumsifu mmoja, kusudi wenye maduka na mashine za kusaga wa Mwimbi, na Ufipa nzima, wapate kujifunza kwake.

Marehemu Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Alipojiuzulu aliingia katika biashara, naye amekwisha pita umri wa miaka hamsini. Wengi wa umri huo hununua mashamba na majumba; yeye alizidi kununua vinyago, sanamu, nguo na vitabu vya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha duka la sanaa la African Heritage mjini Nairobi. Hatimaye mkusanyo wake mkubwa aliiuzia Serikali ya nchi yake, usije ukatawanyika ng'ambo. Sehemu yake yatazamwa leo katika Nyaraka za Taifa, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa benki.

Lakini nyumba yake ya Muthaiga, iliyokusudiwa kuwa kituo cha taaluma za Afrika, haikutunzwa, ilibomolewa. Basi wema wa mtu mmoja hautoshi, ikiwa umma wenyewe haulindi alichouachia.

Ufipa nako kuna urithi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza ya kuwa magogo yaliyochongwa na kuunganishwa, yaliyofukuliwa karibu na maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yana umri wa miaka ipatayo 476,000. Tena wazee wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, wakayeyusha chuma na kufua majembe. Matanuri yaliyosalia yanaliwa na mvua.

Kwa hiyo twasema hivi. Mwenye fedha na anunue kazi ya fundi wa kijijini, awe mchongaji, mfinyanzi au msuka vikapu. Amlipe ujira wa haki, na jina lake aliandike. Anunuaye kwa bei ya kunyonya, hata akijaza nyumba sanamu, ni mnyonyaji tu. Nazo serikali za vijiji ziyalinde matanuri kabla hayajawa kifusi.

Ndugu zetu, udongo uwahi ungali maji.