Uliza jina la mchoraji

Wazazi wetu wa Katanga wanakumbuka vizuri. Nyumba ya mfanyakazi wa Gécamines ilikuwa na redio, viti, na picha moja au mbili za kuchora ukutani. Mara ni Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Mara ni «Colonie belge», askari akimchapa mfungwa fimbo mbele ya mzungu. Au Lumumba mikono imefungwa kamba. Zilichorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga na kuuzwa kwa jirani, kwa mwalimu, kwa mwenye baa. Watu waliziita ukumbusho.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hakutosheka na picha moja moja. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, tangu enzi za mababu mpaka Zaïre ya Mobutu, na hata mambo aliyoyaona yanakuja. Ni picha zaidi ya 100. Alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho wengine hukicheka, mbele ya mtaalamu mgeni, Johannes Fabian, aliyezinunua na kurekodi maneno yake. Kitabu kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha ziko Amsterdam, katika jumba lililoitwa zamani Tropenmuseum, leo Wereldmuseum. Naye Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hata leo haijulikani aliishia wapi.

Tuseme wazi: hapa hakuna aliyeiba. Mgeni alilipa, alisikiliza, akaandika jina la mchoraji. Sisi tulikuwa wapi? Mishahara ilipokosa nguvu, watu waliacha kununua picha, hilo linaeleweka. Lakini mwanafunzi wa Likasi anayetaka kuona historia ya nchi yake ilivyochorwa na mtu wa kwao atahitaji viza.

Mwezi wa sita 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, tena kwa mkopo usio na mwisho, kana kwamba mtu anaweza kukopeshwa mali ya babu yake. Tulikuwa na haki ya kushangilia, na tuna haki ya kudai vingine. Lakini wakati tunadai vya zamani, vya leo vinaondoka kila siku kwenye masanduku ya wasafiri, na hatujui hata vilitengenezwa na nani.

Ingia katika ofisi za leta hapa mashariki. Ukutani utakuta kalenda, na pengine maporomoko ya maji yaliyochapishwa mbali, hakuna ajuaye ni ya nchi gani. Mkubwa wa ofisi hiyo akipita mbele ya kijana anayeuza picha za ziwa Kivu au za Nyiragongo, atabishana bei mpaka kijana apate tu pesa ya kununua rangi nyingine. Mgeni hulipa bila maneno mengi. Ndiyo maana wachoraji na wachongaji wengi wa Goma na Bukavu wamejifunza kufanya kazi kwa macho ya mgeni, na vita ikimfukuza mgeni wanabaki na vitu vyao mikononi.

Hatuombi makubwa. Kila jimbo na kila komine inunue picha moja kwa mwaka kwa msanii wa pale pale, kwa bei ya heshima, na kuiweka mahali raia wanaposubiri. Shule za Lubumbashi ziwapeleke watoto kwenye jumba la makumbusho la mji wao. Nawe, ndugu msomaji, ukinunua kiti cha kuchonga, kikapu au picha, uliza ni nani aliyekitengeneza na ni wa wapi, kisha uandike nyuma yake kwa kalamu isiyofutika. Tshibumba alikuwa anaweka sahihi yake mwenyewe, mbele, pamoja na maneno ya kueleza picha. Wachongaji wengi wa vijiji vyetu hawakuwahi kupata nafasi hiyo.