Bungua bongo ya bosi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na ninyi mnaoshinda maofisini mtalielewa haraka.

Hivi ni mara ngapi umeitwa kwenye kikao cha kubungua bongo? Mnaingia chumbani, kiyoyozi kinapuliza, soda na korosho mezani, bango kitita limesimama pembeni kama mgeni rasmi. Mwezeshaji anawaambia leo hapa hakuna mkubwa wala mdogo, kila wazo ni zuri. Halafu anamgeukia bosi: "Mzee, labda utufungulie." Mzee anafungua. Kuanzia hapo kikao kimekwisha, ingawa mtakaa mpaka saa kumi jioni.

Mimi nimekaa kwenye kikao kama hicho. Gazeti moja nililokuwa nikiliandikia (jina nalihifadhi, bado nahitaji kula) lilikuwa linapoteza wasomaji vijana. Swali likaandikwa kwenye bango: tufanye nini ili vijana walinunue gazeti letu? Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mhariri mkuu akafungua kwa kusema yeye anaona tuwe na kurasa nne za mastaa, kila Jumamosi, kwa rangi. Kisha akaongeza, "Lakini hilo ni wazo langu tu, semeni na yenu."

Jamani! Nani atasema lake baada ya hapo? Wa kwanza akasema kurasa ziwe sita. Wa pili akasema tuweke na mitindo ya nywele. Mimi, ninayejiita mwandishi wa kuwahoji wakubwa, nikapendekeza jina la hizo kurasa, nikapigiwa makofi. Ukuta ukajaa vikaratasi vya kunata, vya njano na vya waridi, karibu sitini. Ukivisoma vyote ni wazo lile lile la mzee.

Kwenye kona alikaa binti aliyekuwa mafunzoni kwetu kutoka chuoni. Hakusema neno. Kurasa zile zikachapwa, hazikumaliza miezi minne zikafa, na waandishi wawili wa mkataba waliochukuliwa kwa ajili yake wakaambiwa asante, nendeni. Siku binti anamaliza mafunzo nikamuuliza, hivi siku ile ulikuwa unaandika nini? Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kwamba wenzake wa bwenini hawanunui gazeti lolote, lakini kila wiki wanarushiana kwenye simu picha za matangazo ya kazi, na mengine ni ya matapeli wanaotaka "ada ya usaili". Chini yake akaandika: gazeti lichunguze matangazo ya kazi ya uongo, liseme lipi ni la kweli.

Mbona hukusema?

"Kaka, ningeanzia wapi? Mzee alishasema."

Sidai kwamba wazo lake lingeliokoa gazeti. Ninachosema ni kwamba tulilipa ukumbi, tukalipa mwezeshaji, tukalipana na posho, na mtu pekee mle ndani aliyekuwa akiishi na hao vijana tunaowatafuta alitoka na wazo lake mkobani. Na waliopoteza ajira ni wengine kabisa.

Tusimlaumu aliyeanzisha mambo haya. Alex Osborn alikuwa mtu wa matangazo ya biashara kule Marekani. Herufi ya mwisho kwenye jina la kampuni ya BBDO ni yake. Kwenye kitabu chake Applied Imagination cha mwaka 1953 aliweka masharti manne: usilihukumu wazo mapema, karibisha hata la ajabu, tafuta wingi, jenga juu ya wazo la mwenzio. Masharti mazuri. Tatizo ni kwamba aliamini pia kuwa mtu akiwa kwenye kundi hutoa mawazo maradufu kuliko akiwa peke yake. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakapima. Wakachukua makundi ya watu wanne wanne waliokaa pamoja, wakayalinganisha na watu wanne wanne waliofikiri kila mmoja kivyake kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao wakashinda, tena kwa mbali.

Kwa nini? Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walichapisha majaribio yao, na jibu lao ni rahisi hata linaudhi: ni zamu. Mmoja akisema, wengine wanasubiri, na wakati unasubiri wazo lako linayeyuka, au unalichuja mpaka unaliona halifai. Woga wa kuhukumiwa waliukuta na mchango mdogo. Hapo mimi nabisha. Walioshiriki majaribio yale walikuwa wanafunzi. Hakuna mtu chumbani aliyekuwa akisaini mikataba yao ya kazi. Hebu jaribio hilo liletwe kwenye ofisi za kwetu, ambako mtu amelelewa tangu utotoni akiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuone woga utapata asilimia ngapi!

Sasa siku hizi kuna hii habari ya kufikiri kisanifu, yaani kuikabili shida kama msanifu anavyoikabili kazi yake. Imepata umaarufu kupitia kampuni ya IDEO ya California na Chuo Kikuu cha Stanford, na huku kwetu imeingia kupitia warsha za miradi na vituo vya vijana wa teknolojia. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tumechukua vikaratasi tukaiacha kazi yenyewe. Kwa jinsi inavyofundishwa kuna hatua tano: nenda kwa mwenye shida umwone anavyoishi, iandike shida upya, ndipo utafute mawazo, tengeneza mfano wa bei rahisi, kisha upeleke mfano huo ukajaribiwe. Kubungua bongo ni hatua ya tatu. Sisi tunaanzia ya tatu, tunaishia hiyo hiyo, kisha chakula cha mchana.

Mfano tunao hapa jirani. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walipoanza kuijaribu M-Pesa kule Kenya, wazo la mezani halikuwa watu kutumiana pesa. Lilikuwa kumwezesha mkopaji mdogo apokee mkopo na kuurejesha kwa simu. Wakaanza na watu wasiofika 500, wakawatazama. Watu wale wakaigeuza. Wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao, mwingine anaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa akifika ili asibebe noti njiani. Waanzilishi wangeweza kusema, hapana, bosi alisema mikopo. Badala yake wakafuata walichokiona, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa ya kutuma pesa nyumbani. Hilo nalo ni wazo lililotoka kwa watumiaji, sio kwenye bango kitita.

Baada ya kuondoka gazetini nikajiunga na wenzangu sita, tunatengeneza kipindi cha sauti cha kusikiliza kwenye simu. Hatuna ukumbi wala posho. Tulichokubaliana ni kwamba hakuna kikao cha mawazo mpaka kila mtu awe ameongea na watu wawili wanaohusika, na aje na maneno yao kama walivyoyasema. Tukikaa, dakika kumi za kwanza ni kimya. Kila mtu anaandika, bila jina. Hii si akili yetu. Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza mwaka 1968 njia ya watu sita kuandika mawazo matatu kila mmoja kwa dakika tano, kisha kupasiana karatasi, na kwa nusu saa mnapata mawazo 108. Sisi hatufiki huko, mkono unachoka. Karatasi zinachanganywa, kila mtu anasoma ya mwenzake kwa sauti, tunapiga kura kwa nukta za kalamu, na mwenyekiti anasema wa mwisho kabisa. Mwenzetu mmoja mtu mzima alinuna siku ya kwanza: "Tumekuja kikao au mtihani?" Na hati zake tunazitambua hata asipoweka jina, hilo bado hatujalipatia dawa.

Lakini tazama kilichotokea. Tulitaka kufanya kipindi kuhusu ajali za bodaboda. Waliokwenda kijiweni wakarudi na jambo jingine: madereva walikuwa wakizungumzia mkataba. Mtu analipa hesabu kila siku mwaka mzima ili pikipiki iwe yake, ikibaki miezi miwili tajiri anaichukua, na hakuna karatasi popote. Tukafuta swali letu la ajali, tukaandika jipya: tungewezaje kumsaidia dereva awe na mkataba unaoeleweka kabla hajakabidhiwa funguo? Wazo lililopata nukta nyingi lilikuwa kusoma mkataba wa ukurasa mmoja hewani, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ya kijiweni. Tukarekodi dakika sita kwa simu, tukaenda kuwachezea pale pale. Wakacheka. "Mbona mnaongea kama taarifa ya habari?" Mmoja akaomba aisome yeye. Akaisoma, na alipofika kifungu cha matengenezo akasimama, akasema hiki hapana, hiki mmekiandika upande wa tajiri. Alikuwa sahihi, tumekiandika upya.

Nyie wakubwa mnaosoma hapa (najua mpo), siku ya kikao tokeni nje nusu saa ya kwanza, mkanywe chai. Ama kaeni, lakini andikeni kama wengine. Wiki iliyopita uenyekiti ulikuwa wangu, nikakaa kimya mpaka mwisho huku ulimi unaniwasha, maana nilikuwa na wazo zuri sana. Lilipata nukta moja, na hiyo nilijipigia mwenyewe.