Mgombea Asiyetarajiwa Hupitia Mlango Gani?

Jumapili moja baada ya Misa tuliketi barazani hapa Mutuka pamoja na wazee wachache, tukisubiri mvua ipite. Mazungumzo yalianza kwa bei ya mahindi na mbaazi, yakaishia Malawi. Mzee mmoja, ambaye hakosi taarifa ya habari ya redio, alituuliza: "Baba, imekuwaje mchungaji wa kanisa akawa Rais wa Malawi, kisha miaka mitano baadaye akaondoka kwa kura na kumpigia aliyemshinda simu ya pongezi? Na hapa kwetu, mtu asiyetegemewa na wakubwa anaweza kufika Ikulu?"

Swali hilo halikujibika barazani. Tumelitafakari tangu siku hiyo, na tungependa kulijibu kwa kirefu kidogo, maana linagusa jambo ambalo waamini wengi hulipita kwa haraka. Uchaguzi unapokaribia tunatazama nyuso, tunahesabu umati wa mikutano, tunabishana nani anajua kusema. Ni wachache wanaouliza kanuni za mchezo zinasemaje. Lakini mtu asiyetarajiwa anaposhinda urais, mara nyingi kuna kanuni fulani iliyomfungulia mlango miezi au miaka kadhaa kabla hajapanda jukwaani. Umahiri wake wa kampeni ni kuutambua mlango huo na kuupita.

Kwa Tanzania, Ibara ya 39 ya Katiba inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hana nafasi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Alishinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, kilometa zisizofika 200 kutoka hapa Babati, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Katazo bado lipo. Kwa hiyo hapa kwetu mtu wa pembeni, hata awe na kipaji gani, lazima kwanza apite sebuleni kwa chama.

Na sebule hiyo ina kanuni zake, ambazo zimeleta marais wawili ambao wengi hawakuwatarajia.

Wa kwanza ni Benjamin Mkapa. Katika Mkutano Mkuu wa CCM uliofanyika Chimwaga, Dodoma, Julai 1995, majina matatu yalifika mbele ya wajumbe: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Kikwete, kijana na mwenye mvuto, aliongoza raundi ya kwanza. Kama kanuni ingesema anayeongoza ndiye mshindi, historia yetu ingekuwa nyingine. Lakini kanuni ilidai zaidi ya nusu ya kura. Msuya akaondoka, raundi ya pili ikapigwa, na Mkapa aliyekuwa wa pili akawa wa kwanza. Ni kweli kwamba ushawishi wa Mwalimu Nyerere ulikuwa upande wake. Hata hivyo, ushawishi huo usingefaa kitu kama kura zingepigwa mara moja tu.

Wa pili ni John Magufuli, na hapa tutakaa kidogo. Mwaka 2015 wanachama 38 wa CCM walirudisha fomu za kuomba urais. Miongoni mwao alikuwamo ndugu yetu wa hapa Manyara, Frederick Sumaye wa Hanang, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi. Kambi zilizotajwa sana zilikuwa mbili au tatu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya Edward Lowassa wa Monduli. Magufuli hakuwa na kambi. Alichukua fomu kimya kimya, akatafuta wadhamini mikoani bila tarumbeta, akarudi.

Utaratibu wa chama ulikuwa chujio la ngazi tatu: Kamati Kuu ipeleke majina matano, Halmashauri Kuu ya Taifa iyapunguze yawe matatu, Mkutano Mkuu uchague mmoja. Tazameni jinsi chujio la namna hiyo linavyofanya kazi. Ngazi ya kwanza haimtafuti anayependwa na wengi. Inamtafuta yule ambaye wenye sauti hawana sababu ya kumkataa. Mwenye kambi kubwa ana marafiki wengi, na ana maadui wengi vilevile. Jina la Lowassa halikufika hata kwenye matano, ingawa wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba ukumbini kwamba wana imani naye, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitokeza hadharani kupinga. Katika ngazi ya pili Bernard Membe na January Makamba wakaanguka. Waliobaki walikuwa Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Tarehe 12 Julai 2015 ikatangazwa kwamba Magufuli amepata asilimia 87 ya kura za Mkutano Mkuu. Mtu ambaye miezi michache nyuma hakutajwa vijiweni akawa mgombea wa chama tawala.

Kilichofuata kilikuwa mbinu za kampeni, na tukiri zilikuwa za ustadi. Nchi ilikuwa na kiu ya mabadiliko, na wapinzani walikuwa wamelichukua neno hilo kama jina lao. Magufuli hakubishana nalo. Alisafiri kwa barabara, mkoa kwa mkoa, kwenye lami ambayo yeye mwenyewe akiwa Waziri wa Ujenzi aliisimamia. Alisema zaidi "Serikali ya Magufuli" kuliko jina la chama. Alipiga pushapu jukwaani watu wakaelewa bila maelezo kwamba analinganisha afya yake na ya mshindani. "Hapa Kazi Tu" ilimwambia mpiga kura kwamba anaweza kupata mabadiliko bila kuhama nyumba. Alikuwa mtu wa ndani aliyevaa vazi la mtu wa nje.

Upande wa pili Lowassa, aliyekuwa wa ndani kuliko wote, alihamia Chadema mwishoni mwa Julai na kubeba bendera ya UKAWA. Sumaye naye akamfuata. Vyama vinne vikasimamisha mgombea mmoja, na matunda yakaonekana: kura milioni 6 na zaidi, takribani asilimia 40, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia katika kura za urais. Babati Mjini yenyewe ilichagua mbunge wa Chadema. Lakini Magufuli alipata asilimia 58. Hapo tuseme ukweli: hata tungekuwa na sheria ya duru ya pili, matokeo yaliyotangazwa yasingebadilika. Kilichoamua kwa sehemu kubwa kilikwisha kutendeka Dodoma mwezi Julai.

Wasomaji wa Karatu watakuwa wanatabasamu, kwani jambo hili walilijua mapema. Mwaka 1995 Dokta Wilbrod Slaa, aliyewahi kuwa padre na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, aliongoza kura za maoni za ubunge ndani ya CCM, jina lake likakatwa juu, akahamia Chadema na kushinda. Jimbo moja linaweza kumfuata mtu aliyekatwa. Nchi nzima ni vigumu zaidi: alipogombea urais mwaka 2010 Slaa alipata takribani asilimia 27. Augustino Mrema, aliyesukumwa na vijana barabarani mwaka 1995, alikuwa amepata karibu asilimia 28.

Mwaka ule wa Mrema sheria ilimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Mwaka 2000 Katiba ilibadilishwa, na sasa Ibara ya 41 inamtangaza mshindi yeyote aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata kama ni theluthi ya kura. Hapa kwetu mabadiliko hayo hayajawahi kuonekana kwenye hesabu, kwa kuwa mshindi ametangazwa na zaidi ya nusu kila mara. Huenda ndiyo maana hatuyazungumzi. Majirani zetu wa kusini wameonyesha uzito wake.

Malawi ilikuwa na kanuni ya wingi wa kura. Mwaka 2014 Peter Mutharika alishinda kwa asilimia 36. Mwaka 2019 alitangazwa tena kwa asilimia 38.6, Lazarus Chakwera akiwa na asilimia 35 na Saulos Chilima asilimia 20. Chakwera alikuwa ameongoza kanisa la Assemblies of God kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuingia katika siasa. Pamoja na Chilima walikuwa na zaidi ya nusu ya nchi. Wakiwa mbalimbali hawakuwa na kitu. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano, baada ya kuona fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia, walibatilisha uchaguzi. Wakaongeza jambo ambalo wengi hawakulitegemea: neno "wingi" katika sheria lisomwe kuwa zaidi ya nusu. Mahakama ya juu ikalithibitisha mwezi Mei.

Kuanzia hapo hesabu ya kila mwanasiasa ikageuka. Chilima, ambaye jana yake alikuwa mshindani, akakubali kuwa mgombea mwenza. Tarehe 23 Juni 2020 Chakwera akashinda kwa takribani asilimia 59. Watu walikuwa wale wale na mchungaji yule yule. Kilichobadilika ni wasimamizi wa kura na kipimo cha ushindi. Kanuni hiyo haikumlinda Chakwera pia. Septemba 2025, baada ya miaka ya njaa na uhaba wa mafuta, Mutharika alirudi kwa karibu asilimia 57. Mzee wetu wa Mutuka aliona sawasawa: mlango uliomwingiza ndio uliomtoa.

Kenya nayo, kwa kifupi. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Mwaka 2022 William Ruto, Naibu wa Rais kwa karibu miaka kumi, alijinadi kama mtoto wa mama mboga na alama ya toroli, dhidi ya "wenye majina makubwa". Kama mtu wa nje alikuwa wa nje kweli, tunawaachia Wakenya. Ila kipimo cha nusu kilimlazimisha kuitafuta Mlima Kenya hadi kumchagua mgombea mwenza kutoka huko, na alivuka kwa asilimia 50.49. Aliyeshindwa alikwenda Mahakama ya Juu, akasikilizwa. Kwetu Ibara ya 41 hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, ingawa mwaka 2020 mahakama ile ile ya Arusha ilisema katazo hilo nalo linakiuka haki.

Basi tumefika mahali pagumu. Mwaka 2025 chujio lililompata Magufuli halikutumika. Mkutano Mkuu wa CCM wa Januari ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee. Huo ulikuwa mlango wa ndani. Kwa nje, Chadema iliondolewa mwezi Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wake Tundu Lissu akawa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina alihama CCM akapitishwa na ACT-Wazalendo; Tume ikamwengua, Mahakama Kuu ikamrejesha, Tume ikamwengua tena. Karatasi ya kura ilikuwa na majina mengi, na mshindi alitangazwa na karibu asilimia 98. Siku ile ya tarehe 29 Oktoba na zilizofuata damu ya Watanzania ilimwagika, na wako wazazi ambao bado wanalia. Hatusemi kwamba kanuni peke yake ilileta maafa hayo, wala hakuna kanuni inayohalalisha kuchoma mali au kumfyatulia mtu risasi. Tunasema kwamba watu wasipouona mlango ambao wanaweza kumpitisha mtu wao, hawaachi kumtaka mtu huyo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, aliithamini demokrasia kwa sababu inawapa raia uwezo wa kuwachagua viongozi wao na pia kuwabadilisha kwa amani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayotuuma.

Mambo haya hayakuanza kusemwa leo. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi hadi vijijini, ilipendekeza mgombea binafsi, ushindi wa zaidi ya nusu, na haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani. Wako watu wa vijiji vyetu waliosimama mbele ya Tume hiyo wakatoa maoni, na wengine wangali hai. Sisi mapadre kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa inatukataza kushika madaraka ya serikali, na kwa umri wetu wa miaka arobaini na kitu hakuna anayetushawishi. Ninyi waamini walei hamjakatazwa.

Tumemwambia yule mzee kwamba jibu lake ni refu kuliko mvua ya siku ile. Tumepata nakala mbili za Katiba na moja ya Rasimu. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutasoma Ibara ya 39 na ya 41 kwa sauti, polepole, kisha kila mwenye swali aulize. Mwenye nakala nyingine nyumbani aje nayo.