Maficho ya buibui yasiwe kaburi lake

Mwenye kumtia kiumbe kizimbani huwa amemnyang'anya uhuru wa kujichagulia makao. Kwa sababu hiyo amejitwika wajibu wa kumchagulia makao yaliyo salama. Kauli hii haina mpinzani anapotajwa sungura au kuku, lakini anapotajwa buibui wengi huangua kicheko. Hata hivyo, buibui wakubwa wenye manyoya, ndio tarantula, hufugwa na watu wengi katika nchi za Ulaya na Marekani. Mmoja wa wanaopendwa sana huko ni wa kwetu: yule mwenye rangi ya kutu ambaye wanasayansi humwita Pelinobius muticus, na ambaye maskani yake ya asili ni Kenya na Tanzania.

Mwalimu wa sayansi atakayemweka kiumbe wa aina hii mbele ya wanafunzi wake hana budi kujiuliza kwanza: atajificha wapi, na maficho hayo yametengenezwa kwa kitu gani?

Swali hili si la anasa. Tarantula haoni vizuri. Huutambua ulimwengu kwa kuhisi mitikisiko kwa vinyweleo vyake. Akikosa mahali penye giza pa kujibanza, hukaa katika hali ya hofu, hukataa chakula na huwa mwepesi wa kushambulia. Wale wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha wanayorusha baadhi ya wenzao wa bara la Amerika. Silaha yao ni meno, na maumivu yake ni makali. Fauka ya hayo, anapojivua gamba hulala chali kwa saa kadhaa, na mwili wake hubaki laini kwa siku nyingi baadaye. Maficho mema, basi, humlinda buibui na humlinda mwanafunzi pia.

Kosa la wengi ni kuchagua kwa macho. Hutafuta ubao unaong'aa, unaonukia na usiooza, wakidhani kwamba kilicho bora kwa fundi seremala ni bora kwa buibui. Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hebu tuutazame mtarakwa. Wakulima wetu huusifu kwa nguzo za ua kwa kuwa mchwa hawauli. Je, ni nini kinachomzuia mchwa? Ni mafuta yaliyomo ndani ya mti wenyewe, yale yanayoupa harufu yake. Buibui si mdudu, lakini mwili wake hauko mbali na wa mdudu, na kinachomfukuza mmoja hakifai kumzunguka mwingine usiku na mchana ndani ya sanduku la kioo. Misonobari na miti mingine yenye utomvu wa harufu kali nayo iepukwe.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mbao zilizotiwa dawa. Nguzo nyingi za ua na za stima hutiwa mchanganyiko wenye shaba na aseniki ili zisiliwe. Kipande cha nguzo hiyo kisiingie kizimbani kamwe. Vivyo hivyo gome lililookotwa katika shamba lililonyunyiziwa dawa. Sisi Wakenya tunaijua pareto, ua lililotuletea fedha za kigeni kwa miaka mingi kwa sababu huua wadudu. Dawa nyingi za kopo zinazopulizwa majumbani zimetengenezwa kwa kuiga sumu hiyo hiyo, nazo humwua buibui kama zinavyomwua mbu.

Ni nini, basi, kinachofaa? Jibu halihitaji fedha nyingi. Kifuu cha nazi kilichokwanguliwa nyama yote, kikachemshwa na kukaushwa, ni pango zuri. Nyama ikibaki huota kuvu. Nusu ya chungu cha udongo kisichopakwa rangi inafaa vile vile, mradi kingo zake zisuguliwe zisimkate. Ng'ambo hupendelewa gome la mwaloni lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, kwa kuwa ni jepesi, halina harufu kali na halikawii kukauka. Makopo yenye kutu, vyombo vilivyopakwa rangi na waya wa wavu visitumiwe: kutu na ncha hujeruhi, na kucha za buibui hunasa katika wavu.

Uzito nao usisahauliwe. Tarantula wa kwetu ni mchimbaji. Jiwe likiwekwa juu ya udongo, naye akachimba chini yake, litamwangukia na kumponda. Kitu kizito kikae juu ya sakafu ya sanduku, udongo ujazwe baadaye. Naam, kwa mchimbaji kama huyu maficho bora kuliko yote ni udongo wenyewe, wenye kina cha kutosha na ulioshindiliwa usibomoke.

La mwisho ni sheria. Mwezi wa Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kupatikana na maelfu ya chungu waliokusudiwa kusafirishwa ng'ambo. Funzo lake ni kwamba udogo wa kiumbe haumtoi katika ulinzi wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Shule isiyo na kibali isimchimbue buibui porini. Iwapeleke wanafunzi wakatazame tundu lake pale pale lilipo, kisha imwache kwa amani.

Lakini palipo na kibali, somo la maficho ni somo kamili la sayansi. Mwanafunzi apewe vipande vitano vya vitu mbalimbali, aulizwe: kimetoka wapi, kimepakwa nini, kinanukia nini, kina uzito gani, kikilowa kitakuwaje? Akiweza kuyajibu hayo kwa ajili ya buibui, kesho atayauliza juu ya maji anayokunywa na rangi iliyopakwa kwenye ukuta wa chumba anamolala.