SUBIRA ISIZUIE TIBA

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya M.V. Spice Islander ilizama katika bahari ya Nungwi ikielekea Pemba, nayo imepakia watu kupita kiasi. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, M.V. Skagit ikazama karibu na Chumbe. Maiti waliopatikana walizikwa, uchunguzi ukafanywa, maombolezo yakapita. Lakini wako walionusurika ambao msiba huo haujapita kwao.

Mtu wa namna hiyo hupiga kelele usingizini, na hakubali kupanda chombo hata akifiwa Pemba. Jirani husema ana jini. Madaktari wanatufahamisha kuwa akili iliyopatwa na kitisho kikubwa huweza kukirudia kana kwamba kinatokea sasa. Hayo ni maradhi, nayo yanatibika: mtaalamu humwongoza mgonjwa, hatua kwa hatua, kulisimulia na kulikabili tukio hilo mpaka lipungue nguvu.

Zito zaidi ni swali analojiuliza faraghani: kwa nini mimi nimeokoka na mwanangu amezama? Na yule ambaye jamaa yake hakuonekana hana hata kaburi la kuzuru. Akithubutu kusema, huambiwa: "Nyamaza, hiyo ni kudra ya Mungu, usije ukakufuru." Kudra tunaiamini. Lakini neno hilo likitumiwa kumfunga mtu mdomo, haliwi tena faraja. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakapoteza nuru, na kilio hicho hakikumtoa katika imani.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, Wizara ya Afya iwafundishe wahudumu wa vituo vya afya vya mashamba na mjini kuwatambua wagonjwa hawa na kuwasikiliza. Wengi wanaona aibu kuonekana kwenye lango la hospitali ya Kidongo Chekundu, na tiba isingoje mpaka wapelekwe huko kwa nguvu. Pili, Ofisi ya Mufti, maimamu na viongozi wa makanisa wakae pamoja na madaktari, ili mwenye shaka moyoni apate wa kumjibu kwa upole, na mwenye maradhi aelekezwe kwa tabibu. Tatu, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa iweke katika mipango yake utaratibu wa kuwatembelea walionusurika na wafiwa muda mrefu baada ya matanga, kwa msaada wa masheha.

Hatusemi kwamba haya ni mambo mepesi, wala hatudai kuwa daktari atachukua nafasi ya sala. Tunachosema ni kwamba kutafuta tiba si kukosa subira. Wazee wetu walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.