Kabla ya Kulipa Ada, Uliza Mkuu wa Kitivo Ni Nani

Ukipanda matatu kutoka Ruiru kwenda Thika, unapita JKUAT pale Juja, na Thika mjini unakuta Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Kote unaweza kusomea afya ya umma hadi uzamili. Lakini wewe unayetaka kujiandikisha, usiulize ada pekee. Uliza pia nani anaongoza kitivo, na anaongoza vipi.

Katika vyuo vingi nchini, mwanafunzi humaliza masomo ya darasani vizuri, halafu anakwama kwenye tasnifu. Msimamizi hashiki simu, ati yuko mkutanoni. Muhula unapita, na ada haingoji.

Juni 2019, JKUAT ilitoa PhD 118 kwa mahafali moja, nyingi zikiwa za biashara. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ikachunguza. Swali lile bado lipo: msimamizi mmoja anaweza kubeba wanafunzi wangapi na bado asome kazi zao?

Kwa afya ya umma, hii si stori ya makaratasi. Utafiti kuhusu vyoo vya Kiandutu ukilala kwa droo, watoto wanaendelea kuharisha. Mkuu mzuri hugawa wanafunzi kwa haki, huwapa wasimamizi siku ya mwisho ya kujibu, na hupeleka matokeo kwa maafisa wa afya wa Kaunti ya Kiambu.

Mimi niliacha chuo. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka tu kungoja kujibiwa. Wewe uliza mapema.