Mhadhara Usiovuka Ukuta

Iko desturi katika taasisi zetu za utafiti wa tiba ambayo sijaizoea na wala sitaki kuizoea. Mtafiti amehangaika miaka mitatu, matokeo anayo mkononi, anaitisha semina. Anaowaita ni wale wale wanaokunywa naye chai kila siku. Hospitali iko nyuma ya ukuta, chuo cha waganga kiko ng'ambo ya barabara, na huko kote hakuna aliyeambiwa. Muuguzi aliyechukua damu ya wagonjwa atajua ilisema nini siku jarida la Ulaya litakapomfikia wodini, yaani kamwe.

Ukiuliza, hutakosa kupewa sababu.

Ya kwanza, eti majirani si wa fani ile. Tarehe 22 Machi 1961, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Mulago, Kampala, alizungumza katika Hospitali ya Middlesex, London, juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani. Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku pale pale, alilisoma akaenda kusikiliza. Kabla mhadhara haujaisha alikwisha kuhisi kwamba nyuma ya uvimbe ule huenda kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuviona virusi hivyo, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mtu wa kuku alikutana na mtu wa taya. Kama mlangoni wangeulizana fani, wasingekaa chumba kimoja.

Ya pili, eti matokeo yataibwa. Wizi wa aina hiyo upo, sikatai. Basi, ndugu mtafiti, yaliyo nyeti yaweke mpaka yachapishwe, utuletee yale yaliyokukwamisha. Tatizo halina mwizi. Mficha uchi hazai.

Ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo mama yao: posho. Wafadhili na sisi wenyewe tumezoeshana kwamba semina ni ukumbi wa hoteli, vitafunio, nauli na bahasha ya kusaini. Asiye na fungu haiti watu, na asiyeahidiwa bahasha haendi. Hapa siwatetei majirani. Daktari anayedai nauli ya kuvuka barabara ili ajifunze kuhusu wagonjwa wake mwenyewe hana haki ya kulalamika kwamba amefungiwa lango.

Tunachohitaji hakizidi chumba, ubao na saa moja kila wiki mbili. Wiki hii kwa watafiti, ijayo hospitalini, inayofuata chuoni. Tangazo libandikwe kwenye malango yote matatu. Mzungumzaji atumie Kiswahili, au walau afunge kwa muhtasari wa Kiswahili, ili mhudumu wa maabara naye aweze kunyoosha mkono na kuuliza. Pengine swali lake ndilo ambalo profesa hakulifikiria, kwa sababu yeye ndiye anayeiona sampuli kabla haijawa tarakimu.

Damu ya wagonjwa huvuka ukuta huo kila asubuhi bila kuombewa fungu. Maarifa yaliyotoka ndani yake yanashindwaje kurudi?